Ligi ya kura za India imefika kwenye roho, kundi linavunjika

Mwalimu, shikamoo.

Nina shida ambayo kila ninayemweleza hapa nyumbani anacheka. Nilisoma India, chuo kimoja mjini Pune, na darasa letu lina kundi la WhatsApp hadi leo. Yumo rafiki wa Lucknow, shabiki asiyejificha wa BJP, chama tawala cha India. Yumo wa Chennai, kwao ni Waiyengar wanaomwabudu Vishnu kwa dhati. Yumo dada wa Nagpur, yumo Mgujarati mwenzetu mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, na mimi Mkristo wa Dodoma. Lilikuwa kundi la kutafutiana kazi na kutumiana picha za watoto.

Tangu uchaguzi wa 2024 kumechafuka. Chanzo ni kauli ya Modi, Waziri Mkuu wa India, kwamba ametumwa na Mungu. Mimi nikaandika kwamba kama Wahindu wanaamini roho zote ni Mungu mmoja, basi hata aliyempigia kura mpinzani naye katumwa. Nikaongeza kwamba Ram mwenyewe kamnyima Modi kura kule Ayodhya, mji ambao Wahindu wanaamini mungu huyo alizaliwa. Sioni nilipokosea, ilikuwa hoja tu. Wa Lucknow akanimwagia mistari ya Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2 na kuniambia sijui kitu. Dada wa Nagpur akasema hizo habari za atman, yaani roho, ndizo zilizowafanya watu wake waitwe najisi. Mwingine akasema mashine za kura zimeibiwa. Yule wa Upanga akaambiwa hana kura India, anyamaze. Wa Lucknow akajitoa kwenye kundi, na wa Chennai siku hizi hajibu kitu. Kila uchaguzi wa jimbo ukikaribia kule, ligi inaanza upya.

Je, ni kweli Wahindu wote wanaamini roho ni moja? Mistari hujibiwaje? Na huyu aliyejitoa nimfanyeje?

Wa Pune, Dodoma

*

Marahaba, wa Pune.

Mmeweka magomvi matatu kwenye uzi mmoja na kila moja lina hakimu wake. Hesabu za kura zina fomu. Maadili ya kampeni yana sheria na hukumu. Habari za roho zina shule zake, ambazo zimebishana zenyewe kwa zenyewe zaidi ya miaka elfu moja bila kumalizana. Ukimjibu mtu wa matokeo kwa mstari wa Gita, au mtu wa Gita kwa matokeo, hata ukiwa na haki utaonekana umekuja kutukana.

Nianze na Ayodhya, maana huo utani wako ndio uliouma na ndio wenye kasoro nyingi. Kiti kilichopotea kinaitwa Faizabad, na Ayodhya ni eneo moja kati ya matano yanayokiunda. Awadhesh Prasad wa Samajwadi, chama cha upinzani, alimshinda Lallu Singh wa BJP kwa kura 54,567, miezi kama minne tu baada ya hekalu la Ram kuzinduliwa tarehe 22 Januari 2024. Mpaka hapo uko sawa. Ila ukifungua Fomu 20, karatasi ya Tume ya Uchaguzi inayoonyesha kura kituo kwa kituo, unakuta kwamba katika eneo la Ayodhya lenyewe BJP iliongoza kwa kura elfu chache. Ilizidiwa kwenye maeneo manne yanayolizunguka. Kwa hiyo "Ayodhya imemkataa" na "Ayodhya imempenda" ni sentensi mbili zinazohitaji kwanza mtu aseme Ayodhya ipi.

Sababu zinazotajwa na waliofuatilia kiti hicho ni za duniani kabisa. Watu walibomolewa nyumba na maduka kupisha upanuzi wa barabara za kwenda hekaluni, wakalalamikia fidia. Mgombea wa BJP alinaswa akisema kwamba theluthi mbili ya wabunge inahitajika ili kubadili Katiba, kauli iliyowashtua Madalit, watu wa tabaka la chini walioitwa najisi, wanaoiona Katiba kuwa ndiyo ngao yao. Upinzani nao ulimsimamisha Mdalit kwenye kiti ambacho hakikutengwa kwa ajili yao. Hizo unaweza kuzipima na kuzipinga. "Ram kamnyima" haipimiki. BJP ikishinda Ram kapenda, ikishindwa Ram kakasirika, na huku umemkanyaga mtu kwenye ibada yake bila kupata chochote.

Kwa nchi nzima fanyeni hivyohivyo. Mwaka 2019 BJP ilipata viti 303, mwaka 2024 ikapata 240 kati ya 543, na wingi unaanzia 272. Pamoja na washirika wake ilifika 293, ikaunda serikali. Cha ajabu, sehemu yake ya kura zote ilishuka kama pointi moja tu ya asilimia. Viti vilianguka kwa sababu anayeongoza ndiye anayechukua kiti, hata kwa kura moja, na huko Uttar Pradesh vyama vya upinzani vya Samajwadi na Congress safari hii viliungana. Mnapobishana kama Modi "kashinda" au "kaanguka", mtu ataje kwanza kipimo chake: viti, asilimia au kuunda serikali. Nusu ya kelele itaishia hapo.

La mashine nilimalize haraka. Mtambo una sehemu tatu: kidude cha kubonyeza, kidude cha msimamizi kinachotunza hesabu, na printa ya VVPAT inayoonyesha karatasi kwa sekunde 7 kabla haijadondoka kwenye boksi. Karatasi za printa 5 kwa kila eneo la uchaguzi wa bunge la jimbo huhesabiwa na kulinganishwa na mashine. Tarehe 26 Aprili 2024 Mahakama ya Juu ilikataa ombi la kuhesabu karatasi zote, lakini ikaruhusu mgombea wa pili na wa tatu kuomba ukaguzi wa asilimia 5 ya mashine baada ya matokeo. Anayesema 5 ni chache ana hoja ya kusikilizwa. Anayesema kura ziliibiwa aulizwe kituo gani, Fomu 17C ya kituo hicho inasema watu wangapi walipiga kura, na matokeo yalisoma ngapi. Mawakala wa vyama hupewa nakala ya 17C jioni ile ile ya kura. Kama hana hata kituo kimoja, mada hiyo ipumzike mpaka akipate.

Sasa kauli yenyewe. Mei 2024, katikati ya kampeni, Modi alisema kwenye mahojiano ya televisheni kwamba mama yake alipokuwa hai alijiona amezaliwa kibaiolojia kama wengine, lakini baada ya kifo cha mama akasadiki kwamba ametumwa na Paramatma, yaani Roho Kuu. Upinzani ukaifanya kejeli ya wiki nzima. Kabla ya kuibishania, itafuteni video nzima, si kipande cha sekunde 20 chenye muziki chini. Kisha tenganisha maswali mawili. La kwanza, je, kweli katumwa? Hilo ni la imani yake na halina hakimu kwenye kundi lenu. La pili, je, inafaa mgombea aseme hivyo wiki za kura? Hilo lina sheria ya kulishikia. Sheria ya Uwakilishi wa Watu ya 1951, kifungu cha 123(3), inakataza kuomba kura kwa msingi wa dini, na Januari 2017 majaji saba wa Mahakama ya Juu, wanne kwa watatu, waliutanua ukatazo huo ugusie dini, tabaka na lugha ya mpiga kura pia, si za mgombea peke yake. Mtetezi wa Modi atasema kueleza imani yako si kuomba kura. Mpinzani atasema mgombea akihojiwa kwenye kampeni kila neno ni kampeni. Huo ni mjadala mzuri na kila upande una pa kusimama.

Mfano ulio mgumu zaidi ni wa Kanyakumari, ncha ya kusini ya India. Tangu jioni ya 30 Mei hadi 1 Juni 2024 Modi alikaa akitafakari kwenye mwamba wa kumbukumbu ya Vivekananda, mtawa wa Kihindu, picha zikirushwa nchi nzima, na Varanasi, kiti chake, kinapiga kura hiyo 1 Juni. Kifungu cha 126 kinazuia mikutano ya hadhara na kuonyesha mambo ya kampeni kwenye televisheni katika saa 48 za mwisho. Congress, chama kikuu cha upinzani, ililalamika kwa Tume. Swali ni moja: picha ya mgombea aliyefumba macho bila kusema neno ni ibada au ni tangazo? Kama mnataka kubishana kitu, bishaneni hicho.

Tuje kwenye roho, maana hapo ndipo hoja yako ilipokwama. Hapana, si Wahindu wote wanaoamini roho ni moja. Hiyo ni Advaita, shule ya mwalimu Shankara: atman, nafsi ya ndani kabisa, si kitu tofauti na Brahman, uhalisia mkuu, na utengano tunaouona unatokana na kutojua. Ramanuja, mwalimu wa karne ya 11 na 12 huko kusini, aliipinga. Kwake roho ni nyingi na ni za kweli, zinamtegemea Mungu kama mwili unavyoitegemea nafsi, lakini haziwi yeye. Waiyengar ndio wafuasi wake, kwa hiyo ulipoandika "Wahindu wanaamini" ulimbandika rafiki yako wa Chennai imani ambayo mwalimu wa ukoo wake alitumia maisha yake kuipinga. Sishangai kwamba hajibu. Madhva wa Udupi, karne ya 13, alienda mbali zaidi: Mungu si roho, roho hii si ile, roho si maada, na tofauti hizo hazikomi hata baada ya ukombozi.

Yule wa Upanga muulize mwenyewe, usimkisie. Wagujarati wengi wa Afrika Mashariki ni wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, na wale wa tawi lake la BAPS wanafundisha vitu vitano vya milele: jiva (roho ya mtu), ishwar, maya, Brahman na Parabrahman (Mungu Mkuu), na jiva haigeuki kuwa Parabrahman. Akiwa wa Arya Samaj, ambao wako Nairobi tangu 1903, ataambatana na Dayananda, mwanzilishi wake: Mungu, roho na maada, vitatu vyote havina mwanzo, na roho si kipande cha Mungu.

Hata kwa Advaita pigo lako linapita pembeni. Shule hiyo inatofautisha ngazi mbili za ukweli. Kwenye ngazi ya juu hakuna wawili. Kwenye ngazi ya shughuli za kila siku mgombea ni mgombea, mpiga kura ni mpiga kura, na deni hulipwa. Kumwambia Mwadvaita "kama wote ni mmoja, kwa nini mnapiga kura?" ni kuchomoa sentensi ya ngazi ya juu na kuipeleka sokoni. Amelijibu swali hilo muda mrefu kabla ya mashine za kura.

Na ile mistari ya sura ya 2? Isome kabla ya kuijibu. Mstari wa 20 unasema roho haizaliwi wala haifi, wa 22 kwamba inavua miili kama mtu avuavyo nguo kuukuu, wa 23 kwamba silaha haziikati na moto hauichomi. Shule zote nilizotaja zinaikubali mistari hiyo, kwa hiyo haimsaidii rafiki yako wala haikudhuru wewe. Haigusi kabisa kama Modi katumwa. Mstari wenye kazi ni wa 12, Krishna, ambaye ndiye Mungu ndani ya Gita, anapomwambia shujaa Arjuna kwamba hapajawahi kuwa na wakati ambapo mimi sikuwepo, wala wewe, wala wafalme hawa. Ramanuja anasema mnaona, ni wengi, Mungu mwenyewe katumia wingi. Shankara anasema wingi huo ni wa miili, si wa atman. Mstari mmoja, wafafanuzi wawili, imani mbili. Ndiyo maana mtu akikutupia mstari muulize namba yake, anaufuata ufafanuzi wa nani, na kama kwao nyumbani ufafanuzi huo unakubalika. Uliza kwa upole, na ukishajibiwa mshukuru. Picha ya mstari juu ya machweo ya jua, isiyo na namba, usiijibu kabisa. Ikiwa na alama ya mishale miwili ya kusambazwa mara nyingi, ndiyo kabisa: aliyekutumia pengine hajui imetoka wapi.

Dada wa Nagpur ana jambo zito kuliko nyote, na nahofia mlimpita haraka. Nagpur ndiko Ambedkar, kiongozi wa Madalit, alikoingia Ubuddha tarehe 14 Oktoba 1956 pamoja na laki kadhaa za wafuasi wake, akiukana Uhindu kwa viapo 22. Wengi wa Maharashtra, jimbo ilipo Nagpur, waliofuata njia hiyo si Wahindu, na Ubuddha haukubali atman ya kudumu. Usimhesabu upande wowote kabla hajasema. Hoja yake nayo ina maandiko: Chandogya Upanishad, andiko la kale la Kihindu, 5:10:7 inasema wenye mwenendo mwema watazaliwa tumboni mwa Mbrahmini, Mkshatriya au Mvaishya, na wenye mwenendo mchafu tumboni mwa mbwa, nguruwe au Mchandala, mtu wa chini kabisa. Atakayemjibu atamletea Gita 5:18, kwamba mwenye hekima humwona Mbrahmini, ng'ombe, tembo, mbwa na mla mbwa kwa jicho moja. Yeye atauliza kama jicho hilo liliwahi kumfungulia mtu kisima cha kijiji. Kisha mtafika Gita 4:13, kwamba matabaka manne yaliumbwa kwa tabia na matendo, na hapo ndipo penye ubishi wa kweli: matendo ya maisha haya au ya yaliyopita? Akijibu "haya", tabaka si la kuzaliwa. Akijibu "yaliyopita", amebaki na Chandogya mkononi. Mkifika hapo mmejadili vizuri. Ila kuna sharti moja sitalilegeza: karma isitumike kwa mtu aliyemo kundini. Kusema andiko fulani linafundisha hivi ni sawa. Kumwambia dada kwamba ukoo wake ulivuna ulichopanda ni kumfukuza.

Wahindu wenyewe wana kanuni za mabishano, na zitawafaa kuliko zozote za kwangu. Shule ya Nyaya, mabingwa wa mantiki, ilitaja aina tatu. Vada ni ya kutafuta lililo kweli. Jalpa ni ya kushinda kwa njia yoyote. Vitanda ni ya kubomoa tu, bila msimamo wako mwenyewe. Utani wako ulikuwa vitanda: hukusema unaamini nini kuhusu roho, hukusema unataka nani atawale. Wana pia desturi ya purvapaksha. Unaanza kwa kuieleza hoja ya mpinzani hadi yeye mwenyewe aitikie, ndipo unajibu. Kwenye simu inakuwa hivi, ukijibu chini ya ujumbe wake ule ule ili uzi usipotee:

"Nimekusoma hivi: Modi alisema kama mja yeyote anayejiona chombo cha Mungu, na hakuwa akiomba kura kwa kauli hiyo. Nimekupata?"

Subiri. Usiandike kingine mpaka aseme ndiyo au akurekebishe. Kisha:

"La kwanza sina neno nalo, ni imani yake. Napinga la pili, kwa sababu ni mahojiano ya kampeni na Varanasi ilikuwa bado haijapiga kura. Ungekubali mgombea wa Congress aseme vivyo hivyo?"

Ujumbe mmoja, hoja moja, swali moja mwishoni. Voisi noti za dakika nne acheni, hakuna anayeweza kuzinukuu. Na tazama saa: saa 3 usiku Dodoma ni saa 5:30 usiku Lucknow, mtu kachoka.

Kuhusu nani ana haki ya kusema. India haina uraia pacha. Mwenye kadi ya OCI, wanayopewa wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine, hapigi kura, na mwenye pasipoti ya India anayeishi nje anaweza kujiandikisha kwa Fomu 6A lakini lazima asafiri mwenyewe hadi kituoni kwake. Wa Upanga pengine kweli hana kura. Na wewe pia huna. Kura si tiketi ya kutoa hoja, ila wenye kura wataishi na matokeo, kwa hiyo ninyi wawili ulizeni zaidi ya mnavyotamka.

Kuna jambo ambalo mtu wa Dodoma huenda halimjii. Tangu 1 Julai 2024 India inatumia kanuni mpya ya jinai, Bharatiya Nyaya Sanhita. Kifungu cha 299 kinahusu kukashifu dini kwa makusudi, cha 196 kuchochea uhasama kati ya makundi, na vyote viwili vina kifungo cha hadi miaka 3. Skrinishoti ya utani wako ikitoka nje ya kundi, anayeweza kugongewa mlango ni mwenzako aliyeko kule aliyeujibu kwa mzaha mkali zaidi. Kubalianeni kwamba hakuna skrinishoti inayotoka, na siasa na dini vihamie kundi la pili la wanaotaka. La kwanza libaki la kazi na watoto.

Aliyejitoa mwandikie pembeni, kwa maneno machache: neno la Ram uliloandika halikuwa hoja, umeliondoa. Usiambatishe takwimu za Faizabad, hata kama ziko upande wako kwa nusu. Usimwombe arudi kundini kwa ujumbe huo huo, ataona ndicho ulichokuwa unakitafuta. Akijibu, mwulize kuhusu kazi na nyumbani. Asipojibu, mtumie salamu za Diwali sikukuu ikifika. Kundi la pili likishaanza na likatulia mwezi mzima, hapo ndipo umwambie lipo, na kwamba ufunguzi wake mnampa yeye: aeleze msimamo wake kuhusu ile kauli, na ninyi wengine mseme mlichomwelewa kabla ya mmoja wenu kujibu.